Mgeni Huaga

Asubuhi ile mimi na Wanza tulikuwa uani kwangu, Bofu ya Likoni, tunakuna nazi. Wanza alikuwa jirani yangu, Mkamba kutoka bara. Mumewe, Mutinda, alikuwa kuli bandarini. Miaka aliyokaa nasi ilimfunza Kiswahili cha Likoni na adabu zake zote. Ukimkaribisha chakula, hujibu kwa unyenyekevu, "Ahsante, mimi mgeni wenu tu." Nasi humcheka, tukamwambia mgeni gani ajuaye bei ya papa kutushinda sisi.

Uhuru ulikuwa umekaribia. Kila aliyejua kupanga maneno alipanda juu ya meza akahutubu, huyu akitaka Mwambao ujitenge na bara, yule akikataa. Sina ugomvi na hao wala hao. Mtu ana haki ya kutaka lake. Ugomvi wangu ni na mmoja, kijana wa kanzu iliyopigwa pasi, aliyetuhutubia uwanjani alasiri ile. Sauti yake ilikuwa tamu, laana imshukie. Hakumtukana mtu. Alianza kwa dua, akawasifu mama zetu kwa ukarimu wao, kisha akauliza taratibu:

"Ndugu zangu, mgeni mwema hufanya nini?"

Akajijibu mwenyewe:

"Huaga!"

Akauliza tena, na tena, mpaka uwanja mzima ukawa unamjibu kwa kishindo. Neno mgeni, tulilokuwa tukilitandikia mkeka, yeye aliligeuza fimbo, na watu wazima wenye akili zao wakalishangilia. Hasira hiyo haijanitoka.

Mkutano haujaisha sawasawa, vijana wakachomoka mbio. Niliwafuata nikihema. Nilikuta wameizunguka nyumba ya Wanza, naye amesimama mlangoni.

"Wewe mwenyeji ama mgeni?" mmoja alimuuliza.

Wanza hakuwa mkutanoni. Akatabasamu.

"Mgeni wenu tu, wanangu. Karibuni."

Wakapiga kelele.

"Wallahi hiyo ni adabu tu!" nilipaza sauti. "Mwamjua Wanza nyinyi!"

Nani asikie?

Mutinda alitoka ndani, shati mkononi. Jiwe la kwanza lilimpata kichwani.

Hakuinuka.

Wapo wanaoniambia ile haikuwa vita, kwa kuwa hapakuwa na bunduki. Waende wakamwambie Wanza. Polisi walimhoji yule msemaji, wakamwachia siku hiyo hiyo. Wangemshtaki kwa lipi? Alisema tu wageni huaga. Mkono wake haukushika jiwe, na kanzu yake haikuingia hata vumbi.

Kisha akaja mazishini. Ndiyo, alikuja, na mbele ya kaburi akaomba nafasi ya kusema. Akazungumzia ujirani. Akasema damu haina bara wala pwani, akanyamaza kidogo mahali palipostahili kunyamaziwa, na wale wale vijana wakalia kwa kwikwi.

Wanza, mtoto wao mgongoni, aliniinamia.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye."

Akageuka akaondoka, kaburi la mumewe halijafukiwa. Hakurudi tena Bofu. Yule mtu alipomaliza, watu walikuwa wakifuta machozi, na nyuma yangu mtu akasema kijana huyu, mashallah, amejaliwa ulimi.