Mgeni wa Kwenye Kamera

Ujinga wangu niuseme mwenyewe kabla majirani hawajaniwahi: niliitikia hodi bila kuinuka kwenye kochi. Haya mengine yote yalitoka hapo, na ni kweli tupu. Usiponiamini, njoo mtaani kwetu Kikuyu uulize.

Mama alikuwa ameletwa kutoka Chemba, kifua kimembana. Daktari akasema asiachwe peke yake. Basi mimi, mtu ambaye kwake hata kwenda getini ni safari, nikategesha kamera juu ya kabati chumbani kwake, nikaigeuza kompyuta yangu kuukuu kuwa seva ya humu humu ndani. Nikifungua anwani yake kwenye simu, namwona mama moja kwa moja, mimi nimejilaza sebuleni. Picha ilichelewa kidogo tu. Nilijiona mhandisi!

Mchana mmoja, jua la kupasua kichwa, nikasikia hodi ya kike uani. Nikajua ni Mama Rehema, jirani, kaleta uji.

"Karibu, pita tu!"

Nikatupia macho simu. Mwanamke aliyejitanda kaniki alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya kitanda, kiganja juu ya kifua cha mama. Hakuwa Mama Rehema. Na mama alikuwa anatweta, mdomo wazi.

Wewe ungebaki kwenye kochi? Nilikimbia. Chumbani nikamkuta mama, na kiti kitupu. Lakini simu mkononi, kwa ule uchelewaji wake, ndiyo kwanza ilikuwa inanionyesha naingia mlangoni. Na yule mwanamke, kwenye picha bado yupo kitini, niamini, hakunitazama mimi. Aliitazama kamera.

Mama akanong'ona, "Umemkaribisha mwenyewe, mwanangu. Msindikize."

Nikakiambia kiti, "Asante kwa kututembelea, mgeni wetu. Twende nikusindikize." Nikatembea hadi getini, mkono wa kushoto umekufa ganzi kwa baridi, katika jua lile! Nikatazama simu: kiti kitupu, mama anapumua vizuri. Kwa furaha, mdomo ukaniponyoka kwa mazoea:

"Karibu tena!"

Mama amepata nafuu. Kamera nimeing'oa. Mkono haujapata joto mpaka leo, na kila mchana nakikalia kile kiti mwenyewe, kisikutwe wazi. Nawe ukisikia hodi, inuka utazame kwanza.

Nilipomsimulia Mama Rehema, hata pole hakunipa. Alisema, "Miguu imemtoa, mdomo umemrudisha. Sasa kaa hapo hapo. Si ulikuwa unapenda kukaa?"