Mshenga na Hati ya Wito

Ujana wangu pale Mpanda ulikuwa na ugonjwa mmoja: nikiona mtu anatupa ganda la muwa barabarani, damu inachemka. Nilikuwa fundi baiskeli, mikono myeusi kwa grisi kutwa nzima, lakini uchafu wa wenzangu sikuuvumilia hata kidogo. Kwa hiyo bwana afya alipopita mtaani na kipaza sauti kutangaza sheria ndogo za usafi, mimi nilikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Sheria zenyewe zilikuwa fupi. Kila kaya ichimbe shimo la taka lenye kina cha kumzidi mtu mzima. Marufuku kutupa taka mtaroni, njiani au karibu na maji ya kunywa. Atakayekaidi ataitwa ofisi ya mtaa, akiendelea atapelekwa mahakama ya mwanzo. Na raia yeyote akimwona mkosaji atoe taarifa, asingoje askari, maana askari wenyewe walikuwa wachache na wilaya ilikuwa kubwa kama nchi.

Mtaani kwetu kulikuwa na chemchemi iliyonywesha nyumba zote za bondeni, na mtu fulani alikuwa anamwaga taka hatua chache juu yake: majivu, maganda ya mihogo, vichwa vya samaki wa migebuka. Mvua ikinyesha, vyote vinateremka. Watoto walishaanza kuharisha. Kwenye mkutano wa mtaa nilisimama, nikajipiga kifua, nikasema huyo mtu nitamkamata kabla ya Jumamosi. Watu walicheka sana, nikadhani wananifurahia. Mwenyekiti akanipa ukatibu wa kamati ya usafi papo hapo.

Asubuhi ya kwanza nilijificha vichakani. Jua lilipoanza kuchomoza nikasikia hatua, nikachungulia, nikaona ndoo kichwani mwa mtu, na chini ya ndoo nikaona kitenge ninachokijua. Nilikinunua mwenyewe. Nilikipeleka pamoja na barua ya posa, na aliyekipokea alikuwa mama wa mchumba wangu.

Kwa ambao hamkukulia kwetu, niseme hivi: mama mkwe hatazamwi. Ukikutana naye njiani, unaiacha njia. Humsalimii ana kwa ana, huli naye, jina lake hulitaji. Wala sikupata nafasi ya kufikiri. Miguu iliamua yenyewe, nikageuka nikajitosa kichakani zaidi, na kichaka kile kilikuwa cha upupu.

Nilifungua kibanda changu nikijikuna kama mbwa mwenye viroboto. Mwenyekiti akapita.

“Vipi katibu, umemwona?”

“Sikumwona, mwenyekiti.”

“Na hivyo vipele?”

“Upupu.”

Akaondoka mabega yakimtikisika. Nilirudi asubuhi ya pili na ya tatu, nikiomba Mungu awe mtu mwingine. Alikuwa yeye.

Sasa muone nilivyobanwa. Posa ilishapokelewa, mahari ilishazungumzwa, ilibaki kutajwa siku ya harusi tu. Na wa kuitaja alikuwa mama, kwa sababu baba mkwe alikuwa Ugalla kwenye mizinga yake ya nyuki, harudi mpaka msimu wa asali uishe. Nikimshtaki, mke sina. Nikinyamaza, watu wanaendelea kunywa majivu, na mimi niliyejipiga kifua mbele ya mtaa mzima uso nitauficha wapi? Yule binti nilimpenda kweli.

Ndipo nikapata akili ambayo mpaka leo nikiikumbuka nataka kujizaba kofi. Mkwe husemi naye, unamtumia mshenga. Basi na wito wa serikali apeleke mshenga! Nikaandika hati kwa mkono wangu mwenyewe, kwa mwandiko wangu bora kabisa. Mwenyekiti akagonga mhuri huku akiuma midomo. Nikamkabidhi mshenga wangu, mzee mmoja mstaafu wa reli, ambaye hakuuliza bahasha ina nini, kwani kazi ya mshenga ni kufikisha.

Yaliyofuata alinisimulia mchumba wangu. Mzee alifika kavaa koti, kashika bahasha ya kaki kwa mikono miwili, akabisha hodi kwa maneno yaleyale ya siku ya posa. Wenyeji wakadhani tunaomba siku ya harusi. Mkeka ukatandikwa, shangazi wawili wakaitwa, jogoo akakamatwa, vigelegele vikapigwa mpaka majirani wakajaa uani. Mchumba wangu ndiye aliyekuwa msomaji wa nyumba ile, akapewa bahasha. Akautambua mwandiko, akatabasamu, akasoma kwa sauti: “Unatakiwa kufika ofisi ya mtaa Jumamosi saa tatu asubuhi bila kukosa, kujibu shtaka la kumwaga taka karibu na chemchemi.”

Vigelegele vilikatika. Jogoo akaachiwa.

“Mie nimetumwa tu,” mshenga alisema, akaanza kutafuta viatu vyake.

Jumamosi ofisi ilifurika. Ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mmoja na dirisha moja. Mama mkwe alipoingia mlangoni, mimi katibu niliruka nje kupitia dirishani na daftari langu, nikachuchumaa nje chini ya ukuta, nikawa naandika ninayoyasikia.

“Mama, shtaka umelisikia?” mwenyekiti aliuliza.

“Nimelisikia. Limesomwa kwangu pamoja na vigelegele.”

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akasubiri kipoe. “Unakubali?”

“Nakubali. Sheria niliisikia siku ileile kwenye kipaza sauti, sikatai. Ila na mimi niwaulize. Nyie wote mnapita pale asubuhi. Mnaniona na ndoo yangu, mnaniambia shikamoo mama, mnapita. Mume wangu yuko Ugalla. Ardhi ya kwangu ni mwamba, nimevunja majembe mawili, shimo limefika magotini. Kuna hata mmoja wenu aliyeniambia mama, leo nakuja na sururu?”

Hapo ndipo nikaelewa kicheko cha siku ya mkutano: mtaa mzima ulijua ni yeye. Asiyejua nilikuwa mimi. Lakini aibu iliyonishika haikuwa ya kuchekwa. Mtu mzima na nguvu zangu nimejificha vichakani asubuhi tatu kumvizia mama wa watu, na hata mara moja sikujiuliza kwa nini anahangaika na ndoo nzito mbali hivyo.

Mwenyekiti akakohoa, akasema faini itasamehewa kama shimo litachimbwa ndani ya wiki moja. “Haya, nani atamsaidia mama?”

Nikanyoosha mkono. Nikakumbuka niko nje, nikaupandisha mpaka ukaonekana dirishani. Kicheko kikaanza upya.

Jumatatu niliingia uani kwake na sururu, kwa njia ya nyuma. Tulipangiana zamu kupitia mchumba wangu: mimi nikiwa shimoni, mama awe shambani. Na alikuwa amesema kweli, lile lilikuwa jiwe tupu lililofunikwa udongo kidogo. Siku ya nne kichwa changu kikazama chini ya ukingo. Nikakaa kupumzika, chini kuna ubaridi mtamu.

Nikasikia hatua. Mama alikuwa amerudi mapema, hakusikia sururu, akadhani kazi imekwisha na nimeondoka. Nikajiuliza: nikohoe? Kukohoa ni kumsemesha. Nisimame? Nitamtazama. Nikiwa bado naichambua mila, ndoo ikamiminwa. Majivu, maganda ya mihogo, maji ya dagaa, vyote juu yangu. Nikavumilia kiume mpaka majivu yaliponiingia puani, nikapiga chafya.

Kule juu nikasikia jambo ambalo sikuwahi kulisikia: mama mkwe anacheka. Alicheka mpaka akaketi chini. Akamwita binti yake aje kunisemesha, lakini binti alikuwa ameenda chemchemini, na pale nyumbani hapakuwa na mwingine wa kutumwa. Nikangoja. Mara uso wake ukachomoza ukingoni, ukanitazama moja kwa moja.

“Toka, mwanangu,” alisema. “Unawe, ule, halafu tutaje siku.”

Shimo lilikuwa refu na ngazi sikuwa nayo. Mama akapiga magoti ukingoni, akanipa mkono.