Siku Jembe Lilipotakiwa Kupumzika

Wiki iliyopita nilikuwa ofisi ya kijiji, Vuga, nikisubiri mhuri, bibi mmoja akaingia. “Kesho wazee wanaomba mvua msituni. Mtu asilime.”

Mtendaji, Mwislamu wa swala tano, akaandika tangazo bila kubisha. Mimi Mlutheri nikacheka. “Bibi, mimi nina Mungu wangu.”

Akanishika mkono kwa vidole vya baridi. “Kaa naye, mjukuu wangu. Jembe tu ndilo lipumzike.”

Kesho yake nililima peke yangu kwenye ukungu. Kila nilipopiga jembe, jembe jingine liliitikia. Nikaacha, nalo likaacha. “Shikamoo!” niliita. Likapiga mara moja, karibu zaidi.

Jumapili nilikwenda kanisani kama kawaida. Jembe langu bado liko shambani, anayelitaka akalichukue.