Maji ya Moto Chini, ya Baridi Juu

Baba alikuwa msimamizi wa mabwawa katika kiwanda kimoja cha chumvi huko Marereni, kaskazini ya Malindi. Mimi nilisoma Malindi mjini, nikikaa kwa mama mdogo, na kila shule ilipofungwa nilipanda basi la Garsen nikashuka njiani kwenda kukaa na wazazi. Wazee wetu walitoka visiwa vya kaskazini. Walikuwamo mabaharia, washonaji na walimu wa chuo cha Kurani, lakini hakuna aliyewahi kufikiri kwamba fizikia ni kazi ya mtu. Hata mimi sikufikiri. Miaka ya themanini ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, nami nilikuwa kidato cha tatu. Nililipenda somo la historia kuliko yote. Fizikia nilikuwa nikiipita kwa kukariri.

Kilichonigeuza kilitokea likizo ya mwezi wa nne. Masika yalikuwa yameanza kwa kishindo, kisha mvua ikakatika na jua likawaka siku kadhaa mfululizo. Mama alinituma nianue nguo. Upepo ulinitangulia, ukaichukua kanga yake mpya ukaitupa katikati ya bwawa la chumvi lililo nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Nilivua ndara nikaingia kuifuata.

Maji ya juu yalikuwa baridi, yakanipoza vifundo vya miguu kama maji ya mtungi. Lakini nyayo zilipogusa chini, niliruka. Kule chini kulikuwa na moto, moto kama wa maji ya kumkandia mzazi aliyetoka kujifungua. Nilisimama na kanga mkononi, nikiutia mguu na kuutoa, nikidhani labda ngozi yangu inanidanganya. Haikunidanganya. Magotini baridi, nyayoni moto.

Baba aliporudi kutoka kazini nilimsimulia. Hakushangaa. Alisema bwawa likinyeshewa huwa hivyo, na ndiyo maana vibarua hawaingii humo pekupeku mpaka maji ya mvua yaondolewe juu. Nikamuuliza kwa nini inakuwa hivyo.

“Hilo hatujaliuliza, mwanangu,” akasema. “Sisi tunalikwepa tu.”

Shule ilipofunguliwa tulikuta tumefika kwenye mada ya joto. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa kijana wa upande wa Mariakani, mtaratibu, mwenye Kiswahili chenye lafudhi ya kwao. Alichora sufuria ubaoni, akachora na mishale: maji ya chini yakipata moto huwa mepesi, hupanda juu, na ya juu yaliyo baridi hushuka. Kitabu kilisema vivyo hivyo. Niliinua mkono nikasema nimeona maji yaliyokataa kupanda. Darasa zima likacheka, na mvulana mmoja aliyekaa nyuma yangu akasema labda nilimkanyaga samaki taa. Mwalimu alingoja kicheko kiishe.

“Sijui,” akasema. “Yeye amekanyaga, mimi sijakanyaga. Siwezi kubishana na mguu wa mtu.”

Sikuwa nimewahi kumsikia mwalimu akisema hajui. Nilidhani ni njia ya upole ya kuninyamazisha. Lakini baada ya kipindi aliniita, akaniuliza maji yalikuwa na kina gani, bwawa lina matope au mchanga, jua lilikuwa kali kiasi gani. Kisha akaniomba nimuulizie baba kama angeruhusiwa kuja kuona.

Alikuja Jumamosi moja ya mapumziko ya katikati ya muhula. Mvua ilikuwa imenyesha tena wiki hiyo, kisha jua likarudi. Alishuka kwenye basi ameshika kipimajoto cha shule alichokiviringisha ndani ya soksi ili kisivunjike. Alimwamkia baba shikamoo, akakaa barazani akanywa chai na mahamri bila haraka, akauliza habari za kazi na za mvua. Baba alipoona mgeni ana adabu, aliinuka mwenyewe akatuongoza hadi bwawani. Mama alitufuata na kiti, akakiweka kwenye tuta na kukaa kututazama.

Mwalimu alikunja suruali akaingia. Alipoutia mguu wa kwanza nilimwona akitabasamu. Tulipima juu, tukapima katikati, tukapima chini, na kila tuliposhuka joto lilizidi. Nikasema nimeshajua sababu: ni matope meusi, yananyonya jua na kukaa na joto. Nilikuwa na uhakika kabisa.

“Huenda,” akasema. “Sasa niambie. Kama unakosea, utajuaje?”

Swali hilo sikulitegemea. Mpaka siku hiyo nilidhani kazi ya mwanafunzi ni kujua kama amepatia. Nilisimama kwenye maji nikitazama huku na huku, na mwalimu hakunisaidia. Mama alifunua mdomo aniokoe, baba akamgusa mkono. Mwishowe macho yangu yakaangukia bwawa la pili, lililo ng'ambo ya tuta. Baba alikuwa ameshaamuru maji ya mvua yaondolewe humo juzi yake. Matope ni yale yale na jua ni lile lile. Nikasema, kama ni matope, basi na lile litakuwa na moto chini.

Tulikwenda tukapima. Lilikuwa na vuguvugu, juu na chini sawa.

Nilijisikia vibaya, na papo hapo nikajisikia vizuri, wala sijui namna ya kueleza zaidi ya hivyo. Fikira yangu ilikuwa imeanguka, lakini ilianguka kwa mkono wangu mwenyewe, na ilipoanguka iliacha njia wazi. Tofauti ya mabwawa yale ilikuwa moja tu, yale maji matamu ya mvua yaliyolala juu. Tuliporudi barazani nilikuwa nimeshaanza kusema kwa sauti, nikijikwaa na kurudia: maji ya chini yana chumvi nyingi, ni mazito, hata yakipata moto bado ni mazito kuliko ya mvua, kwa hiyo hayawezi kupanda. Yanabaki chini na moto wake, na maji ya mvua yanakuwa kama blanketi. Mwalimu alisema hiyo inaelekea, lakini tusiiamini mpaka tuitengeneze wenyewe.

Hapo ndipo nilipojifunza kushindwa. Mama mdogo alinipa chupa kubwa ya achari, nikaipaka masizi chini kwa nje, nikatia maji ya chumvi, kisha nikamimina maji matamu ya mfereji juu yake. Yalichanganyika yote. Mara ya pili niliyamimina polepole juu ya kifuu kinachoelea, yakakaa vizuri, lakini chupa ilipoanikwa uani joto lilikuwa moja kote, kwa sababu upepo ulikuwa ukiipoza ubavuni. Mara ya tatu nilikivunja kipimajoto cha shule nilichoazimwa. Nilipompelekea mwalimu vipande, nililia. Alinieleza kwamba vipimajoto huvunjika, akanionya nisiiguse ile zebaki, akakaa karibu muhula mzima akiomba kingine kwa shule jirani.

Mama mdogo aliona chumvi yake ikiisha na chupa zikijaa uani. Alisema kwa mtoto wa mtengeneza chumvi kumaliza chumvi ya watu ni mkosi. Lakini ndiye aliyesema pia, akipita na ungo wake wa mchele, kwamba kama ni upepo unaosumbua, basi nifukie kitu mchangani kama wanavyofukia maembe yaive. Nikaomba beseni kuukuu, nikalifukia mpaka ukingoni, nikaanza upya.

Safari hiyo ilifaulu. Juu baridi, chini moto, saa sita za mchana, kwenye ua wa nyumba ya udongo na chokaa Malindi mjini. Nilimwita mama mdogo atie mkono. Alitia, akautoa, akautia tena. “Subhana'llah,” akasema taratibu, kisha akaenda kuita majirani.

Ningependa kusema kwamba tangu siku ile njia ilinyooka. Haikunyooka. Nilifaulu kidato cha nne na kupelekwa shule ya bweni ya wasichana huko bara, kulikokuwa na baridi ya kuuma masikio, na hesabu za kidato cha tano zikaniangusha. Nilikuwa nimezoea kushika vitu, na sasa kila kitu kilikuwa herufi. Muhula wa kwanza nilikuwa karibu wa mwisho darasani. Nilifikiri kurudi kwenye historia. Nilichokifanya, kwa kuwa sikuwa na akili nyingine, ni kurudi nyuma kwenye vitabu vya kidato cha pili na kuanza tena, hesabu moja baada ya nyingine, kila alfajiri baada ya sala, mpaka herufi zikaanza kunionyesha kitu. Siku moja nilitazama mlinganyo wa joto ubaoni nikaona namna joto lilivyosafiri, kutoka hapa kwenda pale, kama ninavyoona mtu akitembea barabarani. Sikumwambia mtu. Nililala vizuri usiku ule.

Wanafunzi wangu wa leo huniuliza mtu anakuwaje mwanafizikia. Wanatarajia niwatajie vipaji. Mimi huwaambia nilichokiona: wenzangu wenye akili kali kuliko mimi walikuwa wengi, na baadhi yao waliacha pale walipopata jibu baya mara ya kwanza, kwa sababu hawakuwa wamezoea kukosea. Mimi nilikuwa nimeshavunja kipimajoto cha shule. Jibu baya halikuniua.

Mwalimu wangu alihamishwa kabla sijamaliza kidato cha nne, akapelekwa shule ya mbali, na sikumwona tena. Nilisikia baadaye kwamba aliacha kufundisha akaenda kulima minazi kwao. Kama ni kweli, natumaini minazi yake imezaa.

Nilipomaliza shahada ya kwanza Nairobi, mwisho wa miaka hiyo ya themanini, nilirudi Marereni kupumzika. Nilikuwa nimepata nafasi ya kuendelea na masomo ng'ambo, na baba alitaka kuelewa. Tulikaa wawili barazani baada ya chakula cha mchana. Aliniuliza kama nikimaliza huko nitakuwa nimekwisha kusoma. Nikamwambia nadhani hapana. Akauliza kazi yenyewe ni ya namna gani, mtu anakwenda asubuhi akafanye nini.

“Tunatafuta kitu ambacho hatukijui, baba,” nikasema. “Tukikijua, tunatafuta kingine.”

Alichukua kipepeo cha ukindu akajipepea. Nilingoja aseme nirudi nyumbani niolewe, au aseme ninapoteza ujana wangu.

“Na wanakulisha vizuri huko?” akauliza.

Nikasema watanilisha. Akaitikia kwa kichwa, akainuka kwenda kutia udhu, kwani alasiri ilikuwa imekaribia.