Jumamosi Tuliyomfuta Koko

Wiki iliyopita nilirudi kutoka kazini nikakuta karatasi imebandikwa mlangoni kwangu. Ninaishi mtaa wa Clintonville, hapa mjini Columbus, Amerika, chumba na sebule, peke yangu, na jina langu limo kwenye mkataba kwa herufi kubwa. Karatasi ilisema Jumatatu watu wa ofisi ya upangishaji watapita kukagua nyumba, kama wanavyopita kila mwaka theluji ikishaisha. Sina mbwa, sina paka, sina cha kuficha.  Hata hivyo, ndugu yangu, kabla sijavua koti nilikuwa nimeshapiga magoti bafuni nasugua nyuma ya choo kama mtu anayefukuzwa. Wenzangu wakisikia harufu ya dawa ya kupigia deki husema nyumba inanukia vizuri. Mimi woga hunishika, nafungua madirisha.

Woga huo nilitoka nao Louisville, mji niliokulia, na ngoja nikueleze ulivyoniingia, maana wewe ni mtu wa kusikiliza.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikaa orofa ya juu ya jengo la matofali upande wa kusini wa mji, karibu na Okolona, kule kwenye maghala ambako baba alipakia maboksi. Mama alifanya hauskipingi hotelini, yaani kusafisha vyumba vya wageni. Watu wetu wote waliita kazi hiyo hivyo, na hata wazee wasiojua kusema habari za asubuhi kwa Kiingereza walilijua neno hauskipingi, kwa sababu nusu ya wanawake wa kanisani ndiyo waliyoifanya.

Mkataba wa nyumba ulituandika sisi: baba, mama na watoto wao. Mtu mzima mwingine hapana, ofisi ilikuwa imesema hivyo waziwazi. Halafu mama akamzaa kitinda mimba wetu, na bibi akaja kumsaidia. Tulimwita Koko, kama watu wa Uvira, kwetu Kongo, wanavyowaita bibi zao. Serikali ilikuwa imemleta Amerika pamoja na mjomba, ikawapeleka Buffalo, na mjomba akapata nyumba Kenmore, kando ya mji huo, mahali ambapo kwa maelezo ya Koko Mungu alisahau kufunga mlango wa friji. Alikuja Louisville kwa wiki mbili. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini Koko hakungoja kupewa. Siku ya kwanza tu alimfunga mtoto mgongoni, akaanza kutwanga sombe, yaani kisamvu. Wiki mbili zikawa vuli nzima, zikawa kipupwe, na tukasahau tulivyokuwa tukiishi kabla hajaja.

Ungemjua ungempenda. Alikaanga ndagala, dagaa wa kwetu, madirisha yote wazi hata kukiwa na barafu nje. Alinisuka akinibana kichwa katikati ya magoti, nikilia ananiambia urembo ni uvumilivu. Alfajiri, baba akiwa bado hajarudi kutoka zamu, aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, akitembea chumbani na mtoto ili alale tena. Mimi niliamka na kulala ndani ya nyimbo hizo.

Basi ikaja karatasi ya ukaguzi. Mama aliisoma mara tatu, kisha akanipa mimi niisome, kana kwamba macho yangu yangeikuta inasema mambo mengine. Majuma machache nyuma, familia moja ya kanisani ilikuwa imetolewa nyumbani kwa sababu ya shemeji ambaye hakuandikwa. Mama alipita pale akitoka kazini, akaona vitanda vyao juu ya nyasi, vinanyeshewa. Yeye alikuwa amekwisha kukimbia nyumba mara mbili maishani mwake. Ya tatu, alisema, hana miguu ya kuikimbia.

Koko alilichukulia jambo hilo kama kichekesho. Kambini Tanzania, alitukumbusha, siku ya kuhesabiwa watu waliazimana watoto ili idadi itimie, na leo tuko Amerika tunaficha bikizee. Tulicheka sote. Lakini alipomaliza kucheka akauliza wakaguzi wanaangalia vyumba gani, na mama alipojibu kwamba wanaangalia vyote, akavihesabu kwa vidole.

Mpango ulikuwa rahisi. Jumatatu Koko angeshinda kwa mama mmoja wa kwaya, jioni arudi. Mama alitaka tufiche godoro lake tu. Koko ndiye aliyekataa. "Bon, kama ni kuficha, tufiche muzuri," alisema. Mtu akiingia asione kikombe kimoja kilichozidi. Na kwa kuwa Jumamosi ile mama alikuwa hotelini, baba yuko ghalani kwa saa za ziada, na wadogo zangu wa kiume wamepelekwa mazoezi ya kwaya, kazi ikabaki yangu na yeye, mtoto akiwa mgongoni kwake.

Tulianza chumba chetu sisi watoto, maana ndimo alimolala. Tukakunja godoro. Tukatia kwenye mifuko myeusi vitenge vyake, Biblia, chupa za dawa ya presha, koti la Buffalo, kandambili za manjano. Akapiga magoti na brashi, akasugua zulia pale godoro lilipokuwa mpaka nyuzi zikasimama. Kisha akachukua kitana changu na kunyofoa mvi moja moja. Nilimwambia hakuna mzungu atakayetazama kitana. Akasema ofisi ikitaka kukupata na kosa inatazama mpaka kucha. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kwelikweli. Mpaka dakika ile nilidhani tunacheza kujificha.

Chumba cha wazazi kilikuwa chepesi. Sebuleni tulitoa picha yake ukutani, tukaziba tundu la msumari kwa sabuni ya mche, akilisawazisha kwa kidole gumba. Jikoni alitoa chupa yake ya mawese, akasugua kabati mahali ilipoacha duara jekundu. Alisugua kwa bidii ambayo sikuwahi kuiona, midomo imekaza, bila wimbo wowote. Kila chumba tulichokimaliza alisimama mlangoni akivuta hewa kwa pua. Alikuwa akijinusa yeye mwenyewe, na akijisikia bado yupo, tunarudia.

Tukaishia bafuni. Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo ni mtu wa kwetu tu angelifanya. Uvira nyumba yake ilikuwa ya saruji, sakafu imeinama kidogo kuelekea mlangoni. Kule unamwaga ndoo, unasukuma kwa fagio, maji yanatoka yenyewe mpaka uani. Tangu aje, mama alikuwa akimsihi asimwage maji katika nyumba ya mbao, atumie kitambaa tu. Siku ile alisema kitambaa hakitoi harufu ya mtu. Akamwaga ndoo ya kwanza yenye javeli, ile dawa kali ya kutoa madoa, akamwaga ya pili, ya tatu. Mimi nilisukuma kwa fagio. Maji yalizunguka choo, yakaenda chini ya beseni la kuogea, yakapotea. Tulifurahi kwamba yamekauka upesi.

Haikupita nusu saa mlango ukagongwa.

Orofa ya chini yetu aliishi mzee mmoja mzungu, peke yake. Hatukuwa tumewahi kusema naye. Tulichojua ni kwamba wadogo zangu wakikimbia, aligonga dari kwa mti wa fagio. Mama alituambia huyo ndiye atakayetupeleka ofisini siku moja. Nilipochungulia kwenye tundu la mlango nikamwona yeye, bega moja la shati limelowa, ameshika sufuria yenye maji.

Niliogopa. Sijui nikueleze vipi. Niliona kitanda changu kwenye nyasi, nikamwona mama ameketi juu yake. Nilitaka kukaa kimya mpaka aondoke, lakini mtoto alilia mgongoni kwa Koko, na mzee akagonga tena. Nikafungua.

Hakupiga kelele. Aliinua sufuria nione, akasema maji yanashuka jikoni kwake. Nikasema samahani, samahani, nadhani nilisema mara kumi. Macho yake yakapita juu ya kichwa changu. Koko alikuwa amesimama kwenye kikorido, kitambaa mkononi, kanga imelowa mpaka magotini.

"Huyu ni nani?" aliuliza mzee.

Ndugu yangu, jibu lilikuwa fupi na nililijua. Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshaamua. Nikasema, "Ni hauskipingi. Mama amemwita leo asafishe."

Neno lile moja Koko alilijua. Nililisikia likitoka nikakumbuka kwamba analijua, na nikashindwa kugeuka kumtazama. Sikuhitaji kugeuka. Alikuja mwenyewe, akanipita, akanikabidhi mtoto. Akainamisha kichwa mbele ya mzee, kama mfanyakazi anavyomwinamia tajiri, akachukua ndoo na vitambaa, akamwonyesha ngazi kwa mkono. Akateremka naye.

Niliwafuata nikasimama mlangoni kwa mzee na mtoto kiunoni. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Koko aliyazoa. Alipiga magoti jikoni kwa mtu baki, akakamua kitambaa ndani ya ndoo, akafuta tena, mpaka chini ya jiko. Mzee alivuta kiti akamwashiria aketi. Alikataa kwa kutikisa kichwa. Alikuwa na miaka sabini na kitu, magoti yake yalimuuma hata kanisani.

Tulipopanda juu alifunga mlango na kuegemea ukuta. Mimi nilikuwa nalia. Alinifuta uso kwa ncha kavu ya kanga.

"Umejibu muzuri," alisema. "Sasa fungua madirisha, yakauke."

 Mama aliporudi, Koko alimvuta chumbani, na ukuta wa nyumba ile ulikuwa mwembamba. Alimweleza habari za maji, akasema mjomba apigiwe simu, yeye anarudi Buffalo kesho. Mama aliomba, akalia, akasema ni siku moja tu ya ukaguzi. Koko akamjibu polepole.

"Mi siwezi kuikala nyumba yenye inafundisha mutoto kuongopa juu yangu."

Mifuko myeusi ilikuwa tayari imefungwa. Jumapili baada ya ibada baba alitupakia garini, mimi na Koko, na mjomba akateremka kutoka Buffalo, wakakutana katikati ya njia, hapa Columbus, kwenye kituo cha mafuta kando ya barabara kuu. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuuona mji huu. Kulikuwa na upepo. Njia nzima nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, nikaishia kumbebea mifuko yake. Koko alinifunga vifungo vya koti mpaka kidevuni.

"Weye unaogopaka sana," alisema. "Ni sisi tulikufundisha." Kisha akaingia kwenye gari la mjomba.

Jumatatu walikuja wakaguzi wawili. Walibonyeza king'ora cha moshi, wakachungulia chini ya sinki, wakabadilisha chujio la hewa. Chai ya mama haikupata hata kupoa. Hawakufungua kabati lolote. Mmoja wao alisema nyumba inanukia vizuri.

Kiangazi kilipofika, mzee wa chini alimsimamisha mama kwenye ngazi, nami nikatafsiri. Aliuliza yule bibi aimbaye asubuhi amekwenda wapi. Chumba chake cha kulala kilikuwa chini ya chetu, alisema, na tangu vuli alikuwa akiamshwa na sauti yake. Maneno hakuyaelewa, lakini alizoea, na siku hizi anaamka amechelewa. Kugonga dari kwa mti wa fagio, alisema, kulikuwa kwa ajili ya mbio za wadogo zangu tu. Alikuwa amejua miezi yote ile kwamba bibi anaishi kwetu, na alijua siku aliponiuliza, na hakuwa amemwambia mtu yeyote. Nilimtafsiria mama kila neno. Mama aliketi kwenye ngazi pale pale, kwenye njia ya watu.

Koko alifariki Kenmore kipupwe cha pili baada ya hapo. Theluji ilifunga barabara, tukafika siku mbili baadaye, na akina mama wa kanisa la kule walikuwa wameshagawana nguo zake kama ilivyo desturi. Hakuna aliyekosea. Mama alirudi Louisville mikono mitupu. Nilimwona akipita chumba hadi chumba, akifungua droo, akiinua mito, akinusa mashuka. Hakuniambia anatafuta nini. Nyumba ilikuwa safi.

Miaka imepita. Lile jengo limepakwa rangi nyingine, baba na mama wamehama, sombe siku hizi tunanunua iliyokwisha kusagwa, imegandishwa kwenye mifuko. Kitinda mimba wetu ni msichana wa shule mwenye miguu mirefu, na wazazi wakimsemesha Kiswahili anajibu Kiingereza. Alikuja kunitembelea mwezi uliopita. Akawa anapekua picha kwenye simu yangu, akafika kwenye ile pekee niliyo nayo, ambayo mjomba alinitumia: Koko ameketi mbele ya nyumba ya Kenmore, amejifunika blanketi, ananikodolea macho.

"Huyu ni nani?" aliuliza, kwa Kiingereza, bila kuinua kichwa.

Mgongo wa mwanamke yule ndio uliokuwa kitanda chake. Nilitaka kumkasirikia, nikaona sina haki. Nilimtoa simu mkononi ili anitazame.

"Ni Koko," nikamwambia. "Bibi yetu. Aliishi kwetu."