Nilipoomba Macho Mabovu

Hadi leo nikinusa sabuni ya dawa, ile nyekundu, najiona nimesimama pekupeku kwenye saruji ya zahanati, namwomba Mungu anipe macho mabovu.

Ndiyo, msomaji wangu, mabovu. Nilikuwa darasa la tatu huko Gorong'a, muda si mrefu baada ya kuhamia kijiji cha ujamaa. Katekisimu niliijua yote kwa kusikiliza, lakini ukinipa kitabu nilikwama neno la kwanza. Wenzangu waliniita Kisiki. Mwalimu akashauri nikapimwe macho, na tata, ndivyo tulivyomwita baba, akakata shauri: "Yakiwa mabovu, utatibiwa. Yakiwa mazima, basi ni kichwa. Utaacha shule uchunge mbuzi."

Nesi, mama mnene mcheshi, alibandika ukutani karatasi yenye alama kama reki ndogo. Nilitakiwa kuonyesha kwa mkono meno yanaelekea wapi. Ningeweza kudanganya, lakini nilikuwa najiandaa kwa komunyo ya kwanza, na uongo niliuogopa kuliko mbuzi. Nilipata zote, hata zile ndogo kama sisimizi. Nikaangua kilio.

"We Bhoke! Watu hulilia macho mabovu, wewe unalilia mazima?"

Nikamweleza habari ya mbuzi. Akaacha kucheka, akanifungulia kitabu. "Unaona nini?"

"Herufi zinahama, Mama. Nikizishika hapa, zinakwenda pale."

"Nani kazihamisha, mwenyekiti wa kijiji?"

Nilicheka huku machozi yananitoka. Akakata kipande cha boksi la sabuni, akatoboa kidirisha cha kutosha neno moja, akakiweka juu ya ukurasa. Neno likabaki peke yake, kama ndama aliyefungwa kamba. Nikalisoma polepole: "Ma-ha-ra-ge." Kisha la pili.

"Baba Bhoke," nesi alimwambia tata, aliyekuwa amenileta, "macho mazima, kichwa kizima. Mdogo wangu alikuwa hivihivi. Mwache shuleni, asome taratibu."

Tata alisimama mlangoni, kofia mkononi. Yeye aliacha shule darasa la pili, na sababu hakuwahi kuitaja. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwani ninyi wengine, kwenu herufi zinatulia?"

Nilidhani anatania.

Mwaka jana mjukuu wangu, ambaye naye herufi zinamhama, alipimwa na wataalamu Mwanza. Walisema hali hiyo inaitwa disleksia, na kwamba mara nyingi hutembea katika ukoo. Nilimshukuru Mungu aliyeninyima nilichoomba, kisha nikamlilia tata. Ukali wake ulikuwa woga: alikijua kichwa changu kwa kuwa naye alikuwa nacho hichohicho.

Maana siku ile, njiani kurudi, aliniomba kile kipande cha boksi. Tulipofika kwenye kibao cha kijiji alisimama, akakiinua mbele ya jicho, na midomo yake ikaanza kucheza. Mimi nilimvuta mkono, nikamwambia tuharakishe, nina njaa.