Vuai Hajaitika

Iko alasiri moja, mwanangu, ambayo kila nikiketi na cherehani yangu hunijia bila hodi. Na siku hizi naketi peke yangu sana. Nyumba yetu hii ya Kajificheni ilikuwa na watu mpaka kwenye ngazi. Leo nikipiga chafya hakuna wa kuniombea rehema. Dada zangu wametangulia mbele ya haki, mimi Mungu hakunijaalia mtoto, na wapwa wangu wako Maskati, hunipigia simu siku ya Idi wakaniambia nile vizuri. Basi nisikilize wewe, ukiwa na nafasi. Na ukiwa huna, nisikilize vivyo hivyo.

Nilikuwa msichana mdogo, tunakaa Kikwajuni kwa bibi yangu mzaa mama, Bi Miza. Mchezo wetu mkubwa uchochoroni ulikuwa beni. Beni ya leo unaijua, ile ya harusini, matarumbeta na ngoma na wanawake wakijimwaga barabarani. Lakini ya zamani ilikuwa na mambo ya kijeshi ndani yake, nguo za kaki, vyeo na gwaride, maana ilishika moto kwa askari wa vita vya kwanza vya Mjarumani. Sisi watoto tuliiga yote. Ngoma zetu zilikuwa madebe, kofia zetu za gazeti, na nishani tulizikata kwenye karatasi zinazong'ara za pakiti za sigara. Mimi nilikuwa Jemadari kwa sababu nilikuwa na sauti, na pia kwa sababu debe lilikuwa letu. Wengine wote walikuwa Kingi, Kapteni na Sajini. Hata kitoto cha jirani ambacho hakijajua kujifunga vifungo kilikuwa na cheo chake.

Kabla ya kuanza gwaride, nilikuwa nikiwaita mmoja mmoja. Kapteni! Naam! Sajini! Naam! Hapo ndipo utamu wenyewe ulipokuwa.

Alasiri hiyo Bibi alikuwa barazani anasuka ukili wa mkeka. Akauweka chini, akaja mpaka mbele ya mstari wetu, akatutazama tulivyojipanga.

"Nyote mabwana wakubwa," akasema. "Na mizigo kabeba nani?"

Tukacheka, tulidhani anatutania. Yeye hakucheka. Alinivua kofia yangu ya gazeti, akachukua kanga aliyojifunga begani, akaisokota mviringo ikawa kata, ile ya kuwekea mzigo kichwani, akanitia mimi Jemadari mbele ya jeshi langu zima.

"Hii ndo kofia alovaa babu yako siku walomchukua." Kisha akageukia mstari, akaita kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. "Vuai!"

Hapana aliyeitika. Hatukuwa na Vuai katika mchezo wetu.

"Mkicheza vita," akasema, "mchezeni na asorudi." Akarudi kwenye ukili wake.

Nilikwenda kwa mama nikamuuliza, naye akanieleza huku anachambua mchele, hakuinua hata macho. Babu yangu Vuai alikuwa kijana wa Makunduchi aliyekuja mjini kutafuta kazi. Wakati wa vita vile Waingereza walikusanya wanaume wakawavusha kwenda bara, si kupiga bunduki, bali kubeba mizigo ya wanaopiga bunduki. Bibi alikuwa na mimba ya mama. Vita vikaisha, wengine wakarudi wamekonda kama vijiti, na Vuai hakurudi. Wala hakuja mtu wa kusema nilimwona akifa mahali fulani. Watu wakamshauri Bibi aende kwa kadhi, aamuliwe, akae eda, atoke, aolewe. Yeye akawajibu, "Nani alomuosha? Nani alomzika? Mkimpata huyo, mleteni."

Kwa hiyo Bibi hakukaa eda. Ikisomwa hitma nyumbani na wafu wetu wakitajwa kuombewa, jina la Vuai lilirukwa, kwa amri yake. Hakuwa pamoja na walio hai, wala hakuwa pamoja na marehemu. Jina lake lilibaki na pahala pamoja tu. Kila magharibi, kabla hajatia komeo, Bibi alisimama mlangoni akaita mara moja, "Vuai!" Akangoja kidogo. Kisha akafunga. Mimi kabla ya siku ile ya beni nilidhani ndivyo milango inavyofungwa.

Alikufa na kanga yake ya rangi, mke wa mtu. Mama akaishika kazi ya kuita. Mama naye alipokwenda, nikaishika mimi, na nilipohamia huku Kajificheni nikaja nayo. Wapwa hawajui. Jirani wa chini anadhani namwita paka. Usicheke, mwanangu, au cheka kidogo tu. Kilichokuwa kikininyima usingizi si kuonekana chizi. Ni kwamba mimi ndiye wa mwisho ninayelijua jina hilo. Nikifumba macho, Vuai anakufa mara ya pili, na safari hii hata mlango wa kuitiwa hatakuwa nao.

Sasa mwaka huu akanijia Mwalimu Sabra, anayesomesha skuli ya hapa jirani. Alikuwa na fikra ya kuwafunza wanafunzi habari za vita vile vikuu na waliokufa humo kwa njia ya beni, wavae, waimbe, waandamane, kwa sababu kwenye kitabu, aliniambia, wanasinzia. Akaniomba niwashonee nguo. Nilimpenda papo hapo. Nikashona kaki mpaka vidole vikaota sugu, na siku ya mazoezi nikaenda mwenyewe kuwapima.

Nikawakuta wamejipanga uwanjani. Kapteni, Sajini, Kapteni mwengine, wanagombania mikanda. Maneno yakanitoka kabla sijayafikiri, na sauti haikuwa yangu, ilikuwa ya Bi Miza.

"Nyote mabwana wakubwa. Na mizigo kabeba nani?"

"Sie si mahamali, bibi!" akajibu mmoja, na wote wakaangua kicheko. Mwalimu alitaka kuwakemea, nikamzuia. Kosa hilo silo lao peke yao.

"Kariakoo mnaijua?" nikawauliza.

"Pembea!" wakajibu kwa pamoja. Watoto wa Unguja wote wanaijua Kariakoo, ndiko wanakopelekwa sikukuu wakabembea mpaka wakatapika.

Nikawaambia kwamba jina hilo halikuanza na pembea. Jeshi la wapagazi lilikuwa na jina lake la Kizungu, ndimi zetu zikalifanya Kariakoo, na aliyechukuliwa kubeba aliitwa hivyo hivyo, mtu wa Kariakoo. Nikawaambia habari za Vuai na kata yake. Kicheko kikaisha.

Palikuwa na msichana mmoja, Rukia, mfupi, kaki yake imemmeza. Akaniuliza, "Kaburi lake liko wapi?"

"Silijui."

"Sasa mnamuombea vipi?"

"Hatumuombei, mwanangu. Tunamngoja."

Akafikiri. Kisha akavua kofia yake nzuri niliyoihangaikia siku nzima, akanipa. "Nitie hiyo kata," akasema.

Siku yenyewe ilipofika wazazi walijaa. Gunia la Rukia nililijaza vitambaa vyangu vya mabaki, na kata niliisokota kwa kanga ya Bibi, iliyofifia mpaka maandishi yake hayasomeki. Tarumbeta zikalia, watoto wakaandamana, kisha ngoma ikanyamaza, na Mwalimu akanipa mimi kazi ya kuita. Kapteni! Naam! Sajini! Naam! Mpaka nikafika mwisho.

"Vuai!"

Pakawa kimya. Kilikuwa kimya kile kile cha mlangoni kwangu, na nilikwisha kukizoea, nikakingoja kipite kama kawaida.

"Naam," ikaja sauti kutoka nyuma kabisa, nzito kidogo, maana gunia lilikuwa linamkandamiza shingo.

Nililia mbele ya watoto wa watu. Sikuona haya na sioni leo. Nilitamani Bi Miza angekuwapo angalau kwa pumzi ile moja, na mama, na yeyote wa kushikana naye mkono. Sikuwa na mtu. Nilishika mkanda wa ngoma.

Magharibi ile nilisimama mlangoni, nikafungua kinywa, na sikuita. Ameshaitika, nimwite tena kwa nini? Nikatia komeo, nikakaa juu ya mswala, nikamsomea Fatiha, ya kwanza aliyosomewa nyumbani kwetu tangu aondoke. Nyumba ilikuwa kimya kuliko siku zote. Nakwambia kweli, nimempata na nimempoteza siku moja, na jioni bado huwa sijui niifanyie nini sauti yangu.

Basi sikia ninalokuusia. Ukiwafunza watoto habari za vita, wavishe, waimbishe, wacheze, usiwanyime raha hiyo. Lakini usiwaache wote wawe makapteni. Mpe mmoja mzigo, na umpe jina la mtu aliyeubeba. Kaulize kwenu, kabla wazee hawajakwisha, ni jina gani linalorukwa kwenye dua na kwa nini. Ukilipata, liite kwa sauti mbele za watu, usiliache linong'onwe mlangoni na ajuza mmoja anayedhaniwa ana paka.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe umri na akupe watu. Na siku jina lako litakapoitwa, nawe huna tena sauti ya kujibu, akujaalie mtoto yeyote, awe wako au wa jirani, atakayesimama nyuma kabisa ya mstari akasema, Naam.